Sauti Niliyoendelea Kuituma

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule, kile ulichosema kimevaa soksi. Kabla sijakueleza mengine, nikiri: kwa wiki sita baada ya kukuzika kijijini Abuku, niliendelea kukutuma kazini.

Unawakumbuka wanafunzi wako watatu wa Vietnam. Madamu Hoa ulimfundisha Kiingereza cha vyakula hapa Arua, wakati mumewe akitengeneza minara ya simu. Aliporudi kwao aliwaita majirani wawili wajiunge kwa simu, maana wanataka kufungua mkahawa na kuongea na wageni. Simu yako ilibaki kwangu, na ndani yake masomo uliyoyarekodi mapema, ulipohisi nguvu zinapungua. Jumamosi ya kwanza nilikusudia kuwaandikia kwamba umefariki. Nikashindwa, Mama. Nikatuma somo la mayai.

Walijibu wote watatu, wakakushukuru kwa jina. Nikaona kwamba ziko nyumba tatu duniani ambako bado uko hai. Basi kila Jumamosi nikatuma somo lingine.

Kwanza niliyasikiliza mwenyewe, nimekaa jikoni kwetu Pajulu. Hukufundisha kwa maneno matupu. Vitunguu uliviweka mezani kimoja kimoja, nikasikia kila kimoja kikigonga ubao. Mchele uliumimina kwenye kikombe, ukawaambia huu hauhesabiki, tafuteni chombo. Maji, chumvi na mafuta hivyo hivyo. Katikati ya somo kuku wa Mama mdogo anapiga kelele, nawe unamwambia, "Wewe toka, wewe si somo ya leo," unacheka. Hapo nilikuwa nikirudisha nyuma na kusikiliza tena, mpaka betri inaisha.

Lakini sauti iliyorekodiwa haijibu maswali. Madamu Hoa aliuliza kama unga wa muhogo nao hupimwa kwa kikombe, hakujibiwa. Akauliza kama unaumwa. Wiki iliyopita alipiga, nikazima simu. Mama mdogo aliniona, nikamweleza yote. Aliacha kuchambua maharage.

"Dada yangu iko kwa kaburi," alisema, "na wewe bado natuma yeye kazi? Mutu amechoka. Acha apumzike."

Jioni hiyo nilijirekodi. Nilisema umekufa. Nilisema niliwadanganya, nikaomba radhi. Niliogopa wangeondoka, na ningebaki mimi tu ninayekusikiliza.

Siku ya tatu Madamu Hoa akauliza jambo moja: mwalimu alipenda kula nini? Kwao marehemu huandaliwa mlo karibu na picha za wazee wa nyumba, naye alitaka uwe na sahani yako. Sikujua kanisa letu lingesemaje. Nilimuuliza Mama mdogo.

"Kama wanapika, wapike vizuri. Waambie enyasa isikuwe majimaji. Hiyo hakupenda."

Basi jana nikawafundisha enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na wimbi. Nilisema vikombe vya unga, maji, na mkono wenye nguvu. Nikaongeza majani ya kunde yenye simsim. Neno la Kiingereza la mwiko wa kusongea likanipotea kabisa, nikaugonga kwenye sufuria ili waelewe.

Leo imekuja picha. Enyasa yenyewe ina mabonge, ungeiona ungewarudisha jikoni. Lakini wameiweka mbele ya picha za wazee wao, karibu na uvumba, na bakuli la wali pembeni yake. Mama mdogo aliitazama muda mrefu, halafu akasema unga wao ni mweupe mno. Aliniomba nimwonyeshe tena.

Nilikuhitaji jana, Mama. Nilitaka uniambie kama nilikwenda haraka. Kila nilipomaliza sentensi niligeuka mlangoni, pale ulipozoea kuegemea ukinisikiliza nikisoma, na hapakuwa na mtu.

Sauti zako sitazituma tena. Nitakuwa nazisikiliza mwenyewe. Nikifunga shule nitakuja Abuku kupalilia kaburi lako.

Wanafunzi wako wamesema Jumamosi wanataka matunda, na somo la matunda hukulifikia. Hakuna rekodi ya kusikiliza kwanza. Nitanunua nanasi, maembe na papai sokoni, niyaweke mezani, nianze.

Pumzika, Mama. Kazi ya Jumamosi iko kwangu.

Binti yako,
Ayikoru