Bei Niliyoikomalia

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa macho hakuzunguka. Utando wa nyuma ya jicho la kushoto la mke wangu unabanduka. Apasuliwe wiki hii, na malipo yatangulie.

Nikaenda kwa dalali kuuza hisa zangu za kiwanda cha saruji. Zote. Dalali ni binti mdogo, mwenye adabu. Akauliza: kwa bei ya soko au kwa kikomo? Bei ya soko — zinauzwa leo, kwa chochote watakachotoa wanunuzi. Kikomo — haziuzwi chini ya bei niliyoweka. Leo bei ni shilingi ishirini na tatu. Kamisheni yake na ada za soko hukatwa kwenye mauzo.

Nilipiga hesabu. Kwa ishirini na tatu, baada ya makato, tunapungukiwa kidogo. Kwa ishirini na nne, inatosha. Nikaweka kikomo ishirini na nne.

“Mzee, utasubiri,” akasema.

Nilimjibu kwamba mimi nauza, siombi.

Jumanne, 4 Machi
Hakuna hata moja iliyouzwa.

Mke wangu amebuni kipimo. Anaziba jicho zima, kisha anatazama kalenda ya ukutani kutoka kitandani. Kivuli kimemeza safu ya Jumapili.

“Naona kuanzia Jumatatu. Na wewe, Mwalimu, umekomaa na bei kama muuza mbuzi!” Akacheka peke yake.

Binti yetu alipiga simu: Baba, uza tu, kilichopungua nitaongeza. Nilikataa. Sitembezi bakuli kwa mtoto niliyemzaa.

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi alitokea mnunuzi mmoja, akachukua konzi tu. Makato yakala karibu nusu! Kumbe kamisheni ina kiwango cha chini kwa kila siku ya mauzo, ziuzwe hisa kumi au elfu. Nilisoma asilimia, sikusoma mstari uliofuata. Mimi, niliyewachapa watoto kwa kutosoma swali hadi mwisho.

Jioni bei ishirini na moja. Safu ya Jumatatu imekwenda.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesalimu amri. Bei ya soko.

Wanunuzi ni wachache, kwa hiyo hisa zangu ziliteremka ngazi: ishirini na moja, ishirini, za mwisho kumi na nane. Nilimfokea dalali.

“Baba, ulisema ziuzwe. Zimeuzwa.”

Hakukosea. Tena fedha huingia baada ya siku tatu za kazi. Yaani Jumanne!

Nikampigia binti yetu. Akasema atakopa kazini, lakini hawatampa kabla ya Jumatatu. Juzi ningemwomba kidogo. Sasa namwomba karibu robo ya gharama.

Mke wangu sikumuuliza habari za jicho.

Ijumaa, 7 Machi
Keshia wa hospitali aliirudisha karatasi ya mauzo dirishani. “Mzee wangu, hii inasema utalipwa. Sisi tunataka inayosema umelipwa.”

Nilimkuta mke wangu amesinzia. Nikaiangua kalenda polepole, nikaenda nayo jikoni kuhesabu upya siku za kazi, labda nimekosea. Sikukosea. Nikarudi nayo kwapani.

Alikuwa amesikia hatua zangu. Ameshaziba jicho zima, uso ameuelekeza ukutani.

“Leo afadhali, Mwalimu. Naona Jumanne, Jumatano, mpaka Jumamosi yote. Usihangaike.”

Ukutani pana msumari tu.

Nikamwambia vizuri. Nimesimama na kalenda mkononi — nikiitundika, atasikia.