Nilimwamsha Mama Asalimie Wageni

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Shinyanga kuna joto la kukera, wingu limetanda tangu mchana na mvua hainyeshi. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, simu ina chaji kidogo. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitalia, na hapa kuna watu wenye makubwa kuliko yangu.

Leo nimemzuia mjomba wangu mlangoni asimwone mama.

Acha niliandike hivyo hivyo, bila kulipamba. Mjomba Shija, ndugu pekee wa mama aliyebaki hai, ametoka Kharumwa alfajiri, amebadilisha magari mara mbili, amefika na galoni dogo la maziwa ya mgando, nami nimemrudisha. Kwenye ukoo wetu sijui kama kuna mtu aliwahi kufanya hivyo na bado akaonekana amelelewa.

Nianze mwanzo, maana wengi mnaopita kwenye ukurasa huu mnajua tu kwamba mama alianguka.

Alivunjika nyonga zizini, akimkimbiza ndama. Ana miaka sabini na kitu, mwenyewe hana hakika. Tukamleta mjini ili awe karibu na mimi ninayeishi Ngokolo, na akakaa wodini siku nane akisubiri upasuaji. Usiku alikuwa halali. Akijigeuza kidogo mguu unamchoma, taa haizimwi, na mgonjwa wa kitanda cha pili anakohoa mpaka kunakucha. Kausingizi kake kalikuwa ka mchana. Ukimwacha, anajiibia nusu saa hapa, dakika ishirini pale.

Mchana huo ndio niliomnyang'anya.

Kazi yangu iko Isaka, kwenye bandari kavu. Napanga malori: lipi liingie kupakia, lipi lisubiri, la nani karatasi zake hazijakamilika. Kwenye foleni mimi ni fundi, na ugonjwa wa mama nikauendesha hivyo hivyo. Niliandika ratiba ya wageni kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Asubuhi wanaotoka Nyang'hwale, mchana wanakwaya, jioni majirani zangu. Aliyetoka mbali akakuta muda wa kuona wagonjwa umepita, nilimbembeleza mlinzi. Hakuna aliyerudi bila kumwona mama. Watu wakaandika, "Kabula, Mungu akubariki, unatupokea vizuri," na mimi nikavimba kichwa.

Wakimkuta amelala, nilikuwa namtikisa bega nikimwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, amka, wageni." Kwetu huwezi kumwacha mtu atoke safari, asimame kando ya kitanda, kisha aondoke bila kuitikiwa salamu. Watasema mgonjwa ana maringo, au watasema kuna kitu tunaficha. Basi mama anafumbua macho, anaitikia salamu zao, mwadila, mwadila, mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Halafu wanauliza, ilikuwaje? Naye anasimulia: ndama, tope, mguu. Wanasikitika, wanasema pole, wanatoka. Wanaingia wengine. Ilikuwaje? Anaanza tena na ndama.

Siku moja kabla ya upasuaji alisimulia mara kumi na moja. Nilihesabu kwa sababu niliona inachekesha.

Jioni ile aliniambia, "Mwanangu, nimechoka. Niache nilale kidogo." Nikamjibu kwamba bado watu wa kanisani, wako getini tayari. Akajiweka sawa kilemba chake, akawasubiri.

Upasuaji ulikuwa Jumatano. Daktari alisema umekwenda vizuri na chuma kimekaa mahali pake. Tukashukuru Mungu, nikatangaza kwenye kundi, na wageni wakaanza upya kuja kutoa pongezi.

Halafu yakaja maumivu. Mama yangu amezaa watoto wanane, saba kati yao nyumbani, na sijawahi kumsikia akilia. Alhamisi alipiga kelele mpaka wodi nzima ikageuza shingo. Akachomwa sindano, akatulia kidogo, akapiga kelele tena. Hapa natamani niruke mstari, lakini siruki. Nilimwinamia sikioni nikamwambia, "Jikaze mama, watu wanakuona."

Nilimwonea aibu. Mama yangu mzazi.

Ijumaa asubuhi hakunijua. Aliniita Minza, jina la dada yangu mkubwa ambaye tulimzika zamani, na akanifokea kwa kuchelewa kurudi kutoka kisimani. Aling'oa dripu. Alisema ng'ombe wameingia wodini, apewe fimbo. Kisha akaugeukia ukuta na kuanza kuusimulia kwa Kisukuma, kwa sauti ile ile ya kupokea wageni: ndama, tope, mguu. Akifika mwisho ananyamaza kidogo, kama vile ukuta umemuuliza, halafu anaanza upya.

Nilitoka nje nikaandika kwenye kundi kwamba mama hanijui.

Kundi la ukoo likawaka moto. Mjomba Shija alituma ujumbe wa sauti, mfupi tu: hii si ya hospitali, hapa kuna mkono wa mtu, Jumamosi anakuja kumchukua dada yake ampeleke kwa mtaalamu anayemjua. Wengi wakaunga mkono. Mimi sikubisha. Na niseme ukweli, nusu ya moyo wangu ilikubaliana naye. Ukimwona mama yako anaongea na ukuta, akili haiendi mbali kutafuta mchawi.

Aliyenirudisha ni muuguzi wa zamu, Sista Rehema. Aliuliza swali moja tu: mara ya mwisho mama amelala vizuri ni lini?

Nikaanza kuhesabu. Nikarudi nyuma siku baada ya siku, na kila siku niliyoigusa niliikuta na majina ya watu niliowapanga mwenyewe.

Sista akanieleza taratibu. Mtu asiyelala anasikia maumivu zaidi, na dawa ile ile inayowatosha wenzake yeye haimtoshi. Kwa kuwa anaumwa, halali. Kwa kuwa halali, anaumwa zaidi. Anabaki anazunguka humo humo. Na ubongo wa mzee ukishapitia upasuaji, ukinyimwa usingizi unaweza kuchanganyikiwa kabisa, aone vitu visivyokuwepo, asahau watu wake. Daktari naye alisema kuna mengine, kama umri na zile dawa za upasuaji, na wamempima kuona kama kuna maambukizi. Lakini usingizi, alisema, huo uko mikononi mwenu. Asiamshwe bila sababu ya matibabu. Na kumsafirisha na kidonda kile kwenye barabara ile ni kumuua.

Nikauliza kama akili yake itarudi. Akasema wengi hurudi. Wengine hawarudi kama walivyokuwa.

Jana hiyo hiyo nikaandika kwenye kundi kwamba wageni basi, mpaka nitakapotangaza. Aliyejibu ni mmoja tu. Aliandika, "Sawa, mwenye mama."

Leo saa nne asubuhi, baada ya dawa, mama alilala. Alilala kwelikweli, mdomo wazi, mkono umening'inia pembeni ya kitanda. Sijamwona hivyo tangu tumlete. Saa nne na nusu nikamwona mjomba anakuja kwenye korido.

Nilipiga goti. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Amelala, mjomba. Daktari amekataza asiamshwe. Tukae hapa tumsubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aamke mwenyewe."

Akataka kupita. Nikasimama katikati ya mlango, mimi niliyebebwa mgongoni na mzee huyu nikiwa na surua. Hakupaza sauti, na ningeshukuru angepaza.

"Dada yangu akifa, usiniite," alisema. "Na mimi nikifa, usije."

Akaliweka galoni la maziwa chini, akaondoka.

Tangu hapo najiuliza kama ningeweza kumruhusu achungulie tu. Labda ningeweza. Lakini namjua: asingesimama kando ya dada yake bila kumwita jina. Na mama angeamka akamwambia afukuze ng'ombe wodini, na mjomba angembeba leo leo. Hivyo ndivyo ninavyojitetea. Kuna dakika natosheka na utetezi huo, kuna dakika hautoshi.

Mama aliamka saa nane. Saa nne nzima za usingizi. Aliomba maji, nikampa. Mguu ulimuuma, nikaona anavyokunja uso, lakini hakupiga kelele. Aliangalia dari, akaangalia dripu, akaniangalia mimi.

"Kabula," akasema.

Sikumbuki nilimwitikia nini. Alinyoosha mkono akanigusa shavu, akasema nimekonda, nile. Ni mama yangu kabisa, huyu hapa, amerudi.

Kisha akauliza, "Shija amekuja? Nimesikia kama sauti yake."

Nikasema, "Hajafika, mayu. Labda kesho. Lala."

Sijui kwa nini nilidanganya. Nadhani niliogopa akijua atakosa usingizi tena. Au niliogopa tu.

Alifumba macho, akafumbua tena kidogo. "Akija uniamshe," alisema. "Hata nikiwa nimelala vipi. Yule uniamshe."

Nikasema ndiyo.

Nimempigia mjomba mara sita. Inaita, hapokei. Kwenye kundi amejitoa. Mama bado amelala mpaka sasa ninapoandika, na Sista amepita akaniinulia kidole gumba, kwamba vizuri. Sijui akiamka tena atakuwa yule anayenijua au yule anayeniita Minza. Najua tu kwamba akinijua, ataniuliza tena kuhusu kaka yake.

Nitamjibu nini?