Chumba Kisichosikia Nduru

Bwera, tarehe 6 Februari 1973

Mukwe wangu Célestin,

Salamu nyingi. Kazi inaendaje, na kifua chako na lile vumbi? Huku tuko wazima, ni magoti yangu tu yananisumbua siku ya mvua.

Nilirudi salama kutoka kwenu Kasese, ila roho yangu haikurudi vizuri. Kile chumba chenu cha kulala umekifanya nini? Kuta nene, nyeupe, zenye matundu madogo madogo, hata dari! Nilisimama sebuleni nikamuita Wivine mpaka nikachoka, kumbe iko humo ndani. Baadaye akatoka akaniuliza, "Mama, uliniita?" Célestin, miye nilizaa mutoto mwenye masikio. Na nyumba ya mutu inapashwa kutoa sauti, ili mwanamuke akipiga nduru majirani waje. Mwanaume anayefungia sauti ya muke wake, iko anaficha nini? Nimeuliza tu. Nijibie.

Mama mukwe wako,
Kaswera

Kasese, tarehe 19 Februari 1973

Mama mukwe wangu muheshimiwa,

Nakuamkia kwa heshima. Barua yako imefika na dereva, na ndizi pia, tumeshakula. Pole na magoti.

Usiwe na wasiwasi, Mama. Ile ni platre, unga wa jasi, ule ule wanaofungia mutu hospitalini akivunjika mguu. Weye unajua kazi yangu ni kupiga kuta lipu. Nilimimina vibao vya platre mwenyewe, nikavitoboa, nikavisimamisha mbali kidogo na ukuta, na katikati nikashindilia pamba. Sauti inaingia kwenye matundu, inachokea humo humo. Ni juu ya treni tu, inamuumiza Wivine kichwa. Anakusalimia sana.

Mukwe wako,
Célestin

Bwera, tarehe 3 Machi 1973

Célestin,

Uko muzima? Miye sijambo. Salamu ziishie hapo.

Treni inapita kwa Kabugho pia, jirani yenu. Mbona yeye hakuweka pamba ukutani? Jana alikuja soko la hapa kuuza chumvi, nikamukalisha, nikamuuliza. Kumbe kabla ya platre yako mutoto wangu alikuwa anapiga nduru usiku, na majirani wanakuja mbio na mapanga! Sasa nduru haisikiki tena. Haisikiki, ao haipigwi? Na kwa nini kila mara unaandika weye, "Wivine anakusalimia, Wivine anakusalimia"? Yeye hana mukono? Nimesema mbele ya soko lote, sikuogopa mutu: mukwe wangu amejenga chumba cha kumeza kilio. Usiponiambia kweli, nakuja huko na wajomba zake.

Mama yake Wivine,
Kaswera

Kasese, tarehe 14 Machi 1973

Mama mukwe,

Amani ya Bwana iwe kwako. Mimi mwili muzima, lakini barua yako imenichoma.

Wivine alinikataza kusema. Leo nasema. Mutoto wako anapiga kelele ndani ya usingizi. Anaota mambo aliyoyaona kule Butembo, ile vita ya waasi ya mwaka wa 64, kabla hamjavuka mupaka. Majirani walikuja na mapanga, wakamukuta amelowa jasho, mimi nimesimama na taa kama mujinga. Mwanzoni walisema pole. Halafu wakaanza kuniangalia kama vile unavyoniangalia weye. Wivine akaona haya. Akasema, "Célestin, funga sauti yangu, ao nahama." Hata barua anaogopa kukuandikia, asije akakuumiza roho. Sijamupiga hata kofi, Mama! Njoo ulale naye humo, ujionee.

Mukwe wako,
Célestin

Kasese, tarehe 20 Agosti 1973

Mama yangu,

Habari za siku nyingi? Magoti yamepoa? Tangu ulipokuja Pasaka, ukalala na Wivine na kumukumbatia alipolia, mimi na weye tumepatana. Ndiyo maana ninakukimbilia.

Juzi Jumamosi, muchana kweupe, wezi waliingia kwa Kabugho. Walimukata panga kwenye mukono. Akapiga nduru, mutaa wote ukatoka, isipokuwa sisi. Tulikuwa chumbani, mulango umefungwa, Wivine amejilaza, mimi niko macho nashona kiatu. Hatukusikia kitu. Tulipotoka tukakuta watu wamejaa uani, wanatuangalia tu. Unajua wanavyosema: asiyeitikia nduru ndiye aliyewaita wezi. Tena wanarudia maneno yako ya sokoni. Chifu wa muluka, mukubwa wa mitaa ya huku, atatusikiliza Jumapili misa ikiisha. Wakiniona na kosa, wananipeleka kwa askari, na siku hizi anayepelekwa kule harudi. Njoo uwaambie kazi ya platre. Nakuomba, Mama.

Mukwe wako,
Célestin

Bwera, tarehe 2 Septemba 1973

Célestin,

Miye na Wivine tulifika huku salama, namushukuru Mungu. Wivine anakula na analala. Lakini hajui kwamba naandika barua hii.

Chifu alichagua nifungiwe miye chumbani mwenu, ajaribu kama nduru inasikika humo, kwa kuwa ni miye niliyekusema sokoni, hakuna aliyefikiri nitakutetea. Wanawake wakapiga nduru kule kwa Kabugho. Nikatoka, nikashika rozari, nikaapa sikusikia kitu. Ukapiga magoti kunishukuru, ukalia.

Basi sikia. Nilisikia. Kwa mbali, kama mutu anayeita ng'ambo ya muto, lakini nduru ni nduru. Platre yako inapunguza sauti, haiimalizi. Nilimudanganya Mungu ili mutoto wangu asibaki mujane. Na weye uliniandikia ulikuwa macho! Masikio yangu ya kizee yasikie, yako ya kijana yasisikie? Jirani anakatwa, weye unashona kiatu. Siku Wivine akikatwa, utashona nini? Iko hapa kwangu. Harudi mpaka unijibie.

Kaswera

Kasese, tarehe 11 Septemba 1973

Mama mukwe,

Nakuamkia. Mimi muzima, nyumba ndiyo tupu.

Umesema kweli. Hata mimi nilisikia. Nilitupa kiatu, nikachukua panga. Wivine alikuwa ameshanitangulia mulangoni. Alichomoa ufunguo, akaukumbatia kifuani kwa mikono miwili, akasema, "Ukifungua nakufa." Ningeweza kumunyang'anya, nguvu iko wapi kwake? Sikumunyang'anya. Tulisimama hivyo mpaka nduru ikaisha.

Sikutaka mutu ajue, hata weye. Nilisema hatukusikia, nikaona afadhali mashaka yawe juu yangu. Tafadhali, usimuulize kwa ukali.

Mukono wa Kabugho hauinuki tena. Kila asubuhi anapita hapa kuniuliza kama Wivine amepata nafuu ya zile ndoto.

Mukwe wako,
Célestin