Kilima Juu ya Sifuri

Jumatatu, 3 Juni
Baridi ile ile. Uji wa Rehema uko kwenye jiko, katikati ya sakafu. Baba yake amepiga magoti, anachora sakafuni kwa chaki. Jiko lisiguswe, nimemwambia, mtoto hajala.

Ijumaa anakwenda Makambako kuonana na mhadhiri wake. Nafasi ya mwisho. Ikikataa, masomo basi.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini ananieleza. Hapa kijijini kwetu, Yakobi, hana mwingine wa kumweleza. Mstari wake ukikaribia sifuri unapanda bila mwisho. Anauzidisha na kilima laini, kisicho na kona, kinachoanzia chini na kuishia chini. Halafu anajumlisha eneo lote. Kila kilima lazima kitoe namba.

Vilima vyake vizuri. Kama vya kwetu.

Jumatano, 5 Juni
Vilima mpaka mlangoni. Vyote vimetoa namba. Jirani kachungulia: "Mwalimu, sakafu ikiisha utapanda darini?" Tumecheka. Shati lake la Ijumaa nimelikausha kwenye jiko.

Ijumaa, 7 Juni
Hajarudi. Simu hapokei. Naogopa.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepanda gari na Rehema mgongoni mpaka Makambako. Nimemkuta kwenye benchi, stesheni ya treni. Hajala tangu jana. Mhadhiri alichora kilima kimoja tu, juu ya sifuri yenyewe. Jumla ikakosa mwisho. Akamuuliza: "Hiki hukukijaribu?"

Hakukijaribu. Kwetu sifuri iliangukia chini ya jiko. Akawa analizunguka tu. Kwa sababu yangu. Kwa sababu ya uji. Roho inaniuma vibaya.

"Mama Rehema, nimekwisha."

Nimempa mtoto. Amembeba.

Kwenye gari ndipo akasema: mhadhiri anapita tena stesheni ile kesho kutwa. Mume wangu akiwa na kitu kipya, amsubiri palepale.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani sijaenda. Uji nimeutia kwenye chupa ya chai, jiko nimelitoa nje. Rehema kavaa masweta mawili.

Amefuta sakafu yote. Fomula ya mstari wake ameitia kwenye kipeuo cha pili. Kwenye sifuri bado inapanda bila mwisho, anasema, ila inapanda kwa wembamba. Amechora kilima pale palipobaki alama nyeusi ya jiko. Amejumlisha. Amerudia.

Imetoka namba. Ndogo tu.

Kama mhadhiri atakubali, sijui. Rehema kalala mgongoni kwangu. Jiko bado liko nje, na hakuna aliyeliulizia.