Bahasha ya Kumuaga Mtu

Jumapili, Katesh. Tangu asubuhi upepo unatoka upande wa mlima, na ukungu umeufunika Hanang wote kiasi kwamba mtu mgeni angedhani hapa ni tambarare tupu. Nimevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Nimekaa mapokezi na nyumba nzima ya wageni iko kimya, hata mlango wa jikoni umeacha kujigonga.

Marta ameondoka.

Kwa anayenisoma hapa mtandaoni kwa mara ya kwanza: ninafanya kazi kwenye nyumba ya wageni hapa mjini, mapokezi na wakati mwingine jikoni. Marta ni mama wa Kiholanzi, mtu mzima. Alikuja na wenzake kupanda mlima, goti likamvimba hata nusu ya njia hawajafika. Wenzake wakaendelea na safari yao, yeye akabaki kwetu apone.

Kila asubuhi alichechemea mpaka jikoni, akakaa kwenye benchi, akanisaidia kuchambua maharage. Nilimwamkia shikamoo, naye alishajifunza kuitikia marahaba bila kucheka. Kiswahili chake kidogo na Kiingereza changu cha shule vilitutosha. Alinisimulia kuhusu mume wake aliyefariki. Mimi nikamsimulia kuhusu baba. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimsimulia mtu kuhusu baba.

Leo gari lilimfuata kutoka Arusha. Nilimbebea begi mpaka nje. Dereva alikuwa ameshawasha injini. Marta akafungua mkoba wake, akatoa bahasha, akanishika mkono na kuiacha humo.

"Ni kwa yote," akasema. "Nimemuuliza dereva, anasema hapa watu hufanya hivi. Ni sawa?"

"Ni sawa," nikamwambia. "Asante sana, mama. Safari njema."

Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo aliouhofia tangu jana. Akapanda, akapunga mkono, gari likashika lami kuelekea Babati.

Sikumdanganya. Ni sawa kabisa, na hela naihitaji. Lakini nilipobaki pale barabarani nikahisi kitu kifuani ambacho nakijua. Kabla ya leo nilikiona usoni mwa mtu mwingine.

Ilikuwa India, nilikompeleka baba kutibiwa moyo. Ng'ombe waliuzwa, ndugu wa kijijini kwetu Masakta na watu wa kanisani wakachanga, na ikabaki kuamua nani amsindikize. Kaka zangu wana familia. Mimi sina mume wala mtoto wa kumwacha nyuma, kwa hiyo nikaambiwa wewe nenda. Hakuna aliyeniuliza kama naogopa.

Nilifikia kwenye vyumba vya kupanga karibu na hospitali. Kule kila mkono unaokusaidia unasubiri kitu kidogo, na mimi sikujua nimpe nani, lini, kiasi gani. Nilitafuta kwenye simu, kila ukurasa ukasema lake. Chumba cha jirani alikuwepo mama mmoja wa Mwanza aliyekuwa akimuuguza mumewe, mzoefu wa siku nyingi. Ndiye aliyenifundisha.

"Anayesukuma kiti cha magurudumu mpe mwanzoni, mdogo wangu," aliniambia. "Ukimpa mwishoni haikusaidii kitu. Wa kufagia wodi mpe mara mojamoja. Huyo wa bajaji mwachie chenji tu. Siku ya kuondoka ndiyo unampa cha maana, kwenye bahasha, unamshukuru, mnaachana vizuri."

Kwetu Masakta sijazoea hivyo. Mtu akija kukusaidia kuvuna, anakula kwako, na yeye akivuna unakwenda. Hakuna anayekulipa mlangoni wakati unaaga.

Huyo wa bajaji aliitwa Selvam. Mwanamume mwembamba, shati la kaki, nywele zimepakwa mafuta. Siku ya kwanza aliniuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga mgonjwa ni nani, nikasema baba, naye akagusa kifua chake mwenyewe kuuliza kama ni moyo. Toka siku hiyo akawa ananisubiri getini. Aliniita thangachi, ambayo kwa lugha yao ni mdogo wangu wa kike. Na kila asubuhi swali lake la kwanza lilikuwa moja.

"Thangachi, umekula?"

Baadaye niliambiwa kwamba kwao hiyo ni salamu tu, wanamuuliza kila mtu. Sikupenda kuambiwa hivyo. Baba alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi na mpira wa kupumulia mdomoni, hawezi kusema. Nyumbani wakipiga simu waliuliza hali ya mzee, na ilikuwa haki yao. Katika mji ule mkubwa wote, wa kuniuliza kama mimi nimekula alikuwa Selvam peke yake.

Hapa niseme ukweli, kwa kuwa shajara bila ukweli ni kazi bure.

Hospitali haikuwa mbali. Ningeweza kutembea kwa miguu. Nilipanda bajaji ya Selvam hata siku ambazo sikuwa na pa kwenda. Nilimwambia anipeleke sokoni, nikanunua ndizi, nikarudi. Njiani alinionyesha shule ya binti yake, hekalu wanakosali, duka la shemeji yake anayemchukia. Nami nikimlipa niliongeza, na kila siku nikaongeza zaidi ya jana. Nadhani nilikuwa nanunua yale maswali yake.

Halafu nikaanza kujiuliza: je, nisingeongeza, angeniuliza kama nimekula? Nilimwona akiwachekea abiria wengine vilevile. Nikaona wivu. Mtu mzima mimi, nikaona wivu kwa sababu ya dereva wa bajaji.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye ukumbi wa kusubiria. Familia nyingine zilikuja na mabibi, mashangazi, vyakula, mito ya kulalia. Mimi nilikuwa na begi la baba na viatu vyake. Sijui muda gani ulipita. Nikasikia mtu amekaa kiti cha pembeni. Alikuwa Selvam, ameshika kopo la chuma lenye wali wa mtindi aliopika mke wake.

"Kula," akasema.

Nikala. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, akiutazama ule mlango pamoja nami, na bajaji yake nje haimuingizii chochote. Daktari alipotoka na kusema mzee amevuka salama, Selvam alifumba macho kidogo, akachukua kopo lake, akaondoka. Nikamkimbilia mpaka kwenye ngazi na hela mkononi. Akatikisa kichwa kwa namna ile yao, ambayo huelewi ni ndiyo au hapana, akashuka.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshajibiwa swali langu. Ila nilikuwa nimechoka na nina hofu, na mtu wa namna hiyo hajui kwamba amejibiwa.

Siku ya kurudi alitupeleka uwanja wa ndege kwa gari dogo aliloazima, maana kwenye bajaji baba angeumia kifua. Alimshika baba mkono mpaka kwenye kiti cha magurudumu. Wakati wa kuagana nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikatoa bahasha.

"Ni kwa yote uliyotufanyia," nikamwambia.

Akaitazama. Hakukasirika, wala hakukataa. Ana binti shuleni, na ni mtu wa kazi. Akaikunja mara mbili, akaiweka mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akasimama wima kidogo.

"Asante, madamu," akasema.

Madamu.

Akageuka kwenda kwenye gari la watu. Baba, ambaye hakuelewa hata neno moja la mazungumzo yetu, alikuwa akimfuata kwa macho. Tukiwa kwenye foleni akaniuliza kwa Kiiraqw, sauti yake bado inakwaruza kwa sababu ya ule mpira.

"Umemwambia nini huyo kijana?"

"Nimemshukuru, baba."

"Mbona ameondoka kama mtu aliyefukuzwa?"

Nikakisukuma kiti chake mbele.

Baba aliishi. Alirudi Masakta, akaona mbaazi zake zikivunwa, akakaa juani na kuwasumbua wajukuu. Msimu uliofuata alifariki usingizini, kitandani kwake, bila kuumwa tena. Nyumba yake imefungwa. Kaka zangu wako na mambo yao, mmoja yuko Gehandu, tunaonana misibani. Mimi nimepanga chumba hapa Katesh na nawafungulia milango watu wanaopita.

Selvam sikumpa taarifa. Namba yake ninayo. Kila nilipoifungua niliona aibu: nitampigia kama nani? Abiria wake wa zamani? Hesabu yetu niliifunga mwenyewe, pale uwanja wa ndege, vizuri kabisa, kama inavyotakiwa. Watu wanakufundisha kiasi cha kutoa. Hakuna anayekufundisha ufanye nini ukishatoa, ukagundua hukutaka kumalizana na huyo mtu.

Leo ndiyo nimejua alichokihisi. Marta hakukosea kitu. Alitaka kuniaga kwa heshima, akauliza wanaojua, kama nilivyouliza mimi. Ila mpaka asubuhi hii nilidhani ana rafiki Katesh, na rafiki huyo ni mimi. Bahasha iliponigusa kiganja nikakumbuka mimi ni mhudumu.

Sijui. Labda naye sasa hivi yuko ndani ya gari anajiuliza.

Saa tisa nikamaliza kufua mashuka ya chumba chake. Nikatia salio kwenye simu, nikakaa kwenye ngazi za nyuma mahali ambapo upepo haufiki, nikapiga. Mara ya kwanza iliita mpaka ikakatika. Nikashukuru. Nikapiga tena kabla sijajishauri vinginevyo.

Alipokea katikati ya kelele, honi na injini na mtu anaongea nyuma yake.

"Haloo, haloo. Stesheni? Uwanja wa ndege?"

"Hapana," nikasema. "Sina safari. Ni mimi wa Tanzania. Yule mzee wa moyo, mimi binti yake."

Honi ziliendelea.

"Unahitaji kitu?" akauliza, kwa uangalifu.

"Sihitaji kitu. Nimepiga kukusalimu. Na kukuambia baba alifariki."

Nikamsikia akisema maneno machache kwa lugha yake, si kwangu. Mtu mwingine akajibu kwa hasira, akaongea sana, sauti yake ikawa inakwenda mbali. Abiria ameshuka, nafikiri. Halafu injini ikazimwa. Honi bado zilikuwepo, lakini sasa zilimpita.

"Ilikuwaje?" Selvam akauliza. "Niambie polepole."

Nikamwambia. Kiingereza changu kilikwama mara nyingi na chake pia. Nilimwambia kuhusu mbaazi, sikujua jina lake kwa Kiingereza, nikasema maharage ya mti. Akasema mama yake naye alifariki, akanieleza, nikaelewa nusu. Nililia kidogo. Tuliongea mpaka salio likaisha katikati ya neno lake.

Sasa jioni inaingia na hakuna mgeni aliyeandikisha chumba kwa wiki hii. Sijapona upweke kwa simu moja, nisijidanganye. Baridi ni ileile.

Lakini Jumapili ijayo nitapiga tena, na sitatafuta sababu ya kupiga.