Mstari wa Kuelekea Mlima Goma

Papa,

Uwanja tulimokulaza utasawazishwa Jumatatu. Mkuu wa mtaa ametangaza hivyo kwa kipaza sauti, na Zawadi amenirudishia maneno yake kwa simu asubuhi hii. Aliyezika mtu pale afike Jumamosi au Jumapili, aonyeshe kaburi moja kwa uhakika, amhamishe mtu wake. Baada ya hapo katapila litapita, na watoto watarudi kucheza mpira.

Niliusikiliza ujumbe wa dada yangu nikipiga pasi mashuka ya hoteli. Ndiyo kazi yangu sasa. Niko katika kijiji cha milimani, Ulaya, nangoja jibu la ombi la ukimbizi, na mpaka lije siwezi kusafiri. Watu huja hapa wakati wa baridi, wanajifunga mbao miguuni na kuteleza juu ya theluji. Ungecheka. Wewe uliyeteremsha lori la maharage kutoka Rutshuru kwa breki za kuombea dua, usingemwelewa mtu anayelipa ili ateleze.

Sasa msimu unakwisha. Viti vya kamba vinavyowapandisha watelezaji vimesimamishwa, vinaning'inia tu. Wenye maduka wamebandika karatasi kwenye vioo. Wafanyakazi wa msimu wanaburuta masanduku hadi kituo cha basi, na hoteli ina wageni wachache, wazee, ambao hawachafui mashuka. Maji yanapita kila mahali, chini ya barabara, nyuma ya nyumba, hata usingizini unayasikia. Theluji ikiondoka, majani yaliyo chini yake yamelala kama nywele za mgonjwa.

Na inarudisha vitu. Simu, miwani, glavu nyingi. Desturi ya hapa ni kwamba ukiokota glavu unaivika kwenye nguzo ya uzio ulio karibu, mwenyewe aione akipita. Asubuhi nikienda kazini napita mikono mitupu imesimama kando ya njia. Yetu haikurudisha kitu, Papa. Lava ya Nyiragongo ilipofika mtaani kwetu Birere, mjini Goma, ilikaa.

Lakini kuna jambo ungelipenda. Kabla ya theluji kuanguka, mzee wa barabara huchomeka miti mirefu pande zote mbili za njia, ili kila kitu kikifunikwa ajue pa kupitisha mashine yake. Wiki hii anaing'oa. Nilimwuliza kwa nini asiiache hadi mwaka ujao. Akaniambia, "Mti ukiachwa unainama, na ukiinama unasema uongo."

Nikakukumbuka umesimama juu ya lava mpya, viatu vinanuka mpira ulioungua, unatafuta kiwanja chetu pasipokuwa na ukuta wala njia. Majirani walikuwa wakipanga mawe kuweka alama, na usiku wengine wakiyasogeza. Wewe hukugusa jiwe. Ulitazama Mlima Goma, ukatazama Nyiragongo, ukasogea kushoto, ukarudi kidogo. Papa Kambale, jirani yetu, akakuchokoza mbele ya watu: "Dreva, tangu lini unapimaka viwanja?" Ukamjibu bila kumtazama: "Majiwe inahama. Mulima haihame." Walipochimba shimo la choo wakakuta chasisi ya gari lako la zamani, palepale ulipoliegesha. Papa Kambale alikuja na chupa ya soda, akakuomba umtafutie na chake.

Kwa hiyo siku ile waasi walipoingia mjini na bomu likaangukia njia yetu likakuua, nilijua la kufanya. Barabara ya makaburini ilikuwa imefungwa. Zawadi alikuwa Rutshuru, hawezi kupita. Tulikubeba mimi na Papa Kambale hadi uwanja wa mpira, kwa sababu ndipo penye udongo, ule ulioletwa na malori kufunika lava. Wengine walikuwa wanachimba pia. Tulipomaliza nilisimama miguuni pako nikachukua mistari miwili. Wa kwanza: kilele cha Mlima Goma juu ya pembe ya paa la shule. Wa pili: bega la kushoto la Nyiragongo, na mbele yake mnara wa redio nilipofanya kazi. Mistari inakutana mahali pamoja, nawe uko hapo. Kesho yake waasi walitaja jina langu pamoja na ya watu wengine wa redio waliowatafuta, nikavuka mpaka.

Leo Zawadi alisimama uwanjani, simu mkononi, nikimwongoza. Mvua imelaza vilima vyote vya makaburi. Mbao za majina zimekuwa kuni, mawe yamekwenda kujenga kuta. Mstari wa kwanza aliupata haraka. Ana jicho lako. Akaniambia mimi kaka yake mkubwa: "Yaya, niko sawa, Mulima Goma iko juu ya shule." Nikamwambia ageuke, atafute mnara. Akageuka, akageuka tena.

"Mnara iko wapi?"

Mnara haupo. Waasi waliifunga redio wakaung'oa na mnara. Kutoka uwanjani jengo lenyewe halionekani, na wapo askari getini. Hakuna wa kumpandisha mtu juu ya paa lake na mti mrefu badala ya mnara. Simu ya Papa Kambale, ambaye tulisikia alikwenda Butembo, haiiti.

Basi hali ndiyo hii. Tuna mstari mmoja. Unakatiza uwanja kutoka goli la chini hadi ukingo wa juu, na wewe uko juu yake, lakini hatujui wapi. Nilimwuliza Zawadi kama angeweza kufungua vilima vilivyo kwenye mstari huo tu. Alijibu kabla sijamaliza: "Yaya, wale ni ba papa ya batu." Ni kweli, ni baba za watu wengine; sikumwomba tena. Kwa mkuu wa mtaa, mstari si kaburi.

Nimefanya kazi ya habari muda mrefu, sitakuandikia kwamba kuna tumaini.

Zawadi ameamua hivi. Atasimama golini, atatazama Mlima Goma, kisha atatembea polepole mpaka ukingoni akikusomea Yasini. Ulitukataza kukanyaga kaburi, kwa hiyo kila kilima atakipita kando na kurudi kwenye mstari. Popote ulipo, atakuwa amepita kwako. Nami nitakuwa nasikiliza simuni.

Lala, Papa. Nakuahidi jambo moja: nikiulizwa ulizikwa wapi, sitasema hapajulikani. Nitawatajia goli, pembe ya paa na mlima.

Anaanza Jumapili, baada ya swala ya alfajiri, mlima ukishaonekana.

Mwanao,
Ramazani