Shangazi Aliyegeuka Pazia

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijakosana na watu wawili ninaowapenda. Mimi ni karani kijana, mwoga wa ugomvi tangu utotoni, na balaa langu ni kamera. Dada yangu alipoolewa nilimpiga picha mlangoni akiwa na shangazi aliyetulea, na kwa kuwa jua lilikuwa nyuma yao niliitega kamera ipige tatu mfululizo, moja ya giza, moja ya wastani, moja ya mwanga mwingi, maana gauni jeupe na uso ulio kivulini haviridhiki na mwanga mmoja. Ya giza ilitoa kila ua la gauni, lakini shangazi akawa kivuli; ya mwanga ilimtoa shangazi mpaka machozi, gauni likawa kama shuka; ya wastani haikumfaa yeyote. Dada akachagua ya giza, akaitundika sebuleni kwake, akaniambia, "Hizo nyingine futa." Shangazi alipokuja aliitazama, akasema, "Kumbe harusini nilikuja kama pazia." Tulicheka, naye akacheka, ila chai hakuimaliza, na tangu hapo hajakanyaga pale. Nimejaribu kuziunganisha kwenye kompyuta, lakini shangazi aligeuza kichwa kati ya picha na picha, akatoka na pua mbili. Sijazifuta. Nikimwonyesha shangazi ile ya mwanga, dada atasema nawachonganisha. Nikinyamaza, shangazi ataamini tulimficha makusudi. Nifanyeje?

*

Karani mwanangu, pole, na acha kutetemeka, hujaua mtu. Ila nawe umezidi: mkono wako ulijua picha moja haiwatoshi watu wawili, mdomo ukashindwa kusema hivyo. Achana na kuunganisha. Upazia unamtosha shangazi wa watu, usimwongezee pua. Kasafishe ile ya mwanga, ukubwa uleule. Mwonyeshe dada kwanza, umwambie: "Dada, gauni lina picha yake, na shangazi ana yake. Zote zitundikwe." Akinuna, mwache anune; atapoa akiutazama uso wa aliyemlea. Kisha nendeni nyote wawili kwa shangazi, mkaimalize ile chai.

Na hicho kichwa, bila shaka alikigeuza ili afute machozi, bibi harusi asiyaone. Siku ile yaliyofutwa ni machozi hayo. Yanatosha; picha usifute.